Mtaka cha Mvunguni

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeifundisha methali hii kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa watoto wa shule ya msingi na baadaye kwa walimu watarajiwa katika chuo cha ualimu, na sikuwahi kuitilia shaka. Sasa nimeingia mwaka wa sabini na tano, magoti yangu yote mawili yamekaza kwa baridi yabisi, na methali ile imenigeukia. Nikiinama hadi chini, kuinuka ni shughuli ya watu wawili. Je, mtu wa namna yangu akitaka cha mvunguni afanyeje? Aache kukitaka, au atafute chombo kitakachoinama kwa niaba yake?

Cha mvunguni changu mimi ni ua. Naishi Muheza, na kila nipatapo nafasi na nauli hupanda Amani, katika Usambara ya Mashariki. Huko, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, kando ya vijito, huota mmea mdogo wenye majani manene ya vinyweleo na maua ya rangi ya urujuani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huko Tanga wakati wa ukoloni wa Kijerumani, aliupeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia. Leo ua hilo limejaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka sasa wanaliita ua la Usambara. Lakini huku kwao hasa, yaani kwetu, watu wengi hulipita bila kuligeuzia shingo. Nimejiwekea kazi ya uzeeni ya kulipiga picha pale linapoota, ili wajukuu wajue kwamba kitu kinachouzwa vyunguni kote duniani kilitoka katika mawe ya nyumbani.

Ua hili halioti kwenye usawa wa macho ya mtu mzima. Linaota kwenye usawa wa goti, na mara nyingi chini ya hapo. Kamera yangu ni ya dijitali, aina ya Nikon D90, toleo la mwaka 2008, niliyopewa na mwanangu wa pili baada ya yeye kununua nyingine. Kioo chake cha nyuma hakikunjuki kama vya kamera nyingi za siku hizi. Ili nione ninachopiga sharti nilaze shavu kwenye tope. Mara mbili nilifanya hivyo, na mara zote mbili mjukuu wangu aliniinua kwa makwapa kama mtoto anayetolewa kwenye beseni.

Ndipo nikasikia habari za chombo ambacho, kwa kuwa sijakikuta katika kamusi, nitakiita kichungulio cha pembe. Ni kibomba kinachotosha kushikwa kiganjani. Hupachikwa nyuma ya kamera, pale penye tundu la kuchungulia, na ndani yake mna kioo kilichochongwa ili kupinda mwanga nyuzi 90. Ukikifunga, kamera hukaa chini ikitazama ua, nawe hutazama kutoka juu, kama mtu anayechungulia kisimani. Wazo lenyewe si geni. Kamera za Rolleiflex, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1929, zilitazamwa kutoka juu vivyo hivyo, na watu wa umri wangu tunawakumbuka wapiga picha wa studio wakiwa wameinamisha vichwa juu ya masanduku yao, mithili ya watu wanaosali.

Kwa faida ya msomaji atakayetaka kununua, nieleze nilivyochagua. Kwanza ni umbo la tundu. Kamera hazilingani: Nikon, kwa mfano, walitengeneza DR-6 kwa kamera zenye tundu la mstatili, na DR-5 kwa zile zenye tundu la duara. Kisichoingia hakifai, hata kiwe kizuri namna gani. Pili ni uelekeo wa picha. Vichungulio vyenye kioo kimoja tu huonyesha kulia kuwa kushoto, na maandishi husomeka kinyumenyume. Vile vizuri hurekebisha jambo hilo. Tatu ni ukuzaji. Hicho cha DR-6 kina ngazi mbili, ya kuona umbo lilivyo na ya kulikuza mara 2. Cha Canon kiitwacho Angle Finder C kina ngazi ya 1.25 na ya 2.5. Ngazi ndogo ni ya kupanga picha nzima. Ngazi kubwa huonyesha sehemu ya katikati tu, nayo ni ya kuhakikisha kwamba kilicho mbele yako kimeonekana barabara. Nne, na kwa mzee hili ni kubwa, kiwe na gurudumu la kurekebisha nguvu ya jicho, ili mtu aweze kuchungulia bila miwani.

Nilikwenda Dar es Salaam, katika duka moja la vifaa vya picha. Kijana wa dukani alinipokea kwa adabu. "Shikamoo mzee wangu." Nikaitikia. Akanitolea vitatu: DR-6 iliyokwisha kutumika, kingine kilichotengenezwa China chenye vipete vya kufungia kwenye kamera mbalimbali, na cha tatu kikuukuu, cha kioo kimoja. Nilivijaribu kwa kutazama tangazo la bei lililobandikwa ukutani. Kile kikuukuu kiliyageuza maneno nyuma mbele. Cha Kichina kilikuwa na kiza kidogo pembeni, lakini herufi zilisimama sawasawa, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya DR-6. Nikaamua kuchukua hicho.

Wakati ananifungia, kijana akaongeza neno, kama wauzaji wanavyoongeza kipunje. "Halafu mzee wangu, hiki kina faida nyingine. Ukikizungusha kikakaa ubavuni, wewe unatazama kule, kamera inapiga huku. Watu hawajui kama unawapiga. Unapata picha za ukweli."

Nikashukuru, nikalipa, nikatoka. Lakini katika basi la kurudi Muheza maneno yale ya mwisho hayakuniacha. Picha za ukweli! Nilikuwa nimekwenda kununua chombo cha kuniinamia, nikauziwa pia chombo cha kunificha, na vyote viwili vilikuwa ni kibomba kilekile kimoja.

Kijana yule hakubuni jambo jipya. Mwaka 1916 mjini New York, Mmarekani Paul Strand alitaka kupata sura za watu wa mitaani bila wao kujiweka sawa kwa ajili ya kamera, naye akatumia hila ya lenzi ya bandia iliyotazama upande mwingine. Katika mfululizo huo imo picha mashuhuri ya mwanamke amevaa shingoni kibao chenye neno la Kiingereza lenye maana ya kipofu. Miaka ya 1930 na kuendelea, Ben Shahn na Helen Levitt walifunga kwenye kamera zao za Leica vichungulio vya pembe, ndugu wa hiki changu, wakasimama wakielekea upande mmja na kupiga picha upande mwingine. Watoto wa mitaani aliowapiga Levitt wanacheza kama watoto wachezavyo wanapokuwa peke yao. Walker Evans yeye, kati ya 1938 na 1941, aliificha kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, akawapiga abiria wa treni za chini ya ardhi za mji huohuo. Kitabu cha picha hizo alikitoa mwaka 1966, baada ya kungoja robo karne.

Siwezi kuwaita watu hawa wezi na kuishia hapo. Kazi zao ni nzuri, na uzuri wake umetokana na hila ileile. Basi yafaa tuipime hoja yao kwa haki.

Hoja ya kwanza wanayoweza kuitoa tunayo katika methali zetu wenyewe: macho hayana pazia. Mtu aliyekaa barabarani ameonwa na kila apitaye. Ikiwa jicho langu lina ruhusa, kwa nini kamera inyimwe? Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu akijua anatazamwa, hubadilika. Hili hakuna anayelijua kuliko sisi tuliokuwa wakaguzi wa walimu. Nilikuwa nikiingia darasani kukagua mazoezi ya kufundisha, nakuta ubao umefutwa ukang'aa, zana za kufundishia zimetundikwa, andalio la somo limeandikwa kwa kalamu ya rangi mbili, na kila swali likiulizwa mikono yote inanyanyuka. Ilinichukua miaka kugundua kwamba katika darasa moja watoto walikuwa wamefunzwa kabla: anayejua jibu anyanyue mkono wa kulia, asiyejua anyanyue wa kushoto. Mwalimu akawa anachagua ya kulia tu. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa ni tamthilia, nami nilikuwa mtazamaji wake.

Kwa hiyo nikubali: jicho linalopiga hodi mara nyingi hupokelewa na uongo uliovaa nguo za sikukuu. Kama ni hivyo, je, jicho linalojificha ndilo lipatalo ukweli? Kwa muda mrefu nilijibu ndiyo. Na hapa sina budi kueleza jambo ambalo sijapata kuliandika.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi kijana, sijawa Mkuu wa Chuo. Baada ya kuzichoka tamthilia zile, nilianza tabia ya kupita nyuma ya madarasa na kuchungulia dirishani kabla ya kuingia, na siku nyingine bila kuingia kabisa. Niliona kwamba nimepata dawa. Siku moja, katika shule ya msingi ya kijijini, nilichungulia darasa la mwanachuo mmoja wa kike. Nikamwona ameketi kwenye dawati la mwisho, ameinamisha kichwa juu ya mikono yake. Mbele, mtoto wa kiume alikuwa anaandika hesabu ubaoni. Nilisimama pale kama dakika mbili. Hakuinua kichwa. Nikaondoka kimyakimya, nikapanda pikipiki, na jioni ile nikaandika kwenye fomu ya tathmini kwamba mwanachuo huyu analala darasani na kuwaachia watoto kazi yake. Sikumwita. Sikumwambia nilikuwa wapi. Alishindwa mazoezi ya kufundisha, akalazimika kuyarudia, na cheti chake kikachelewa mwaka mzima.

Miaka kumi na mitatu baadaye, 1997, nilifungua semina ya walimu wakuu wa shule za msingi. Wakati wa chai mama mmoja alinijia, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama namkumbuka. Sikumkumbuka. Akasema, "Mwalimu, mimi ndiye yule aliyelala darasani." Alisema bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

Akanieleza. Katika darasa lile palikuwa na mtoto mwenye kigugumizi, ambaye hakuwahi kutoa neno mbele ya mwalimu yeyote. Mwalimu akimtazama tu, koo linafunga. Mwanachuo yule akagundua kwamba mtoto, asipotazamwa, huweza kuzungumza. Basi akamwomba awafundishe wenzake hesabu, naye akaenda nyuma, akainamisha kichwa ili macho yake yasiwe juu ya mtoto. Alikuwa anasikiliza kila neno. Siku ile nilipokuwa dirishani, mtoto yule alikuwa anafundisha kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Watoto waliniambia kuna mtu wa chuoni alikuwa anachungulia," akasema. "Nilingoja uingie. Ungebisha hodi, mwalimu, ningekueleza."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wenzake. Akanisamehe, ila akasema jambo la kweli, kwamba mwaka haurudishwi.

Tangu siku ile nimejua ubovu wa jicho linalojificha, nao sio ule nilioudhania. Kabla ya hapo, kama ungeniuliza, ningesema ubaya wake ni wizi: kuchukua kisicho chako. Lakini wizi pekee hautoshi kueleza kilichotokea. Nilichokiona dirishani kilikuwa kweli tupu. Mwalimu aliketi, kichwa kiliinama, mtoto aliandika. Hakuna kilichoigizwa kwa ajili yangu. Nami niliondoka na kweli ile nikiwa nimepotea kabisa. Ubovu ni huu: anayetazama kwa kujificha hawezi kusahihishwa. Mtazamwa hana nafasi ya kusema, "Sivyo, ngoja nikueleze." Shahidi, mwendesha mashitaka na hakimu wanakuwa mtu mmoja, naye yuko nje ya dirisha.

Lugha yetu, nadhani, ilikuwa inajua hili kabla yetu. Tuna kuona, kutazama, kuangalia, kutupia jicho, kukodolea macho, kuvizia, na kuchungulia. Tuna pia kuchunguza. Kuchungulia na kuchunguza yanafanana kwa sauti kama ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao ni mbali. Anayechunguza huuliza, hupima, hurudi tena. Anayechungulia huona na kwenda zake. Na wahenga walimwekea huyu wa pili methali yake: mchungulia bahari si msafiri. Kuiona bahari kwa kupitia upenyo si sawa na kuisafiri.

Tena mwanachuo yule alinifundisha jambo la tatu, ambalo Strand na Evans hawakuliweka kwenye mizani. Kuna kutazama waziwazi, na kuna kutazama kwa siri, lakini pia kuna kuyaondoa macho kwa makusudi, kwa heshima na kwa upendo. Yeye aliyaficha macho yake ili mtoto apate sauti. Mimi niliyaficha mwili wangu nikayaacha macho yafanye kazi. Kwa mtu aliyesimama mbali tulifanana, sote wawili tumejificha. Kumbe tulikuwa tunakwenda njia mbili zisizokutana.

Msomaji atafikiri kwamba, baada ya funzo hilo, nilikirudisha kichungulio dukani, au niliapa kutokizungusha ubavuni maisha yangu yote. Laiti ingekuwa hivyo. Binadamu ni mwepesi wa kufundisha na mzito wa kufundishika. Siku ya pili tu baada ya kufika nyumbani, nilitaka kukijaribu.

Mke wangu alikuwa uani, anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye benchi nikiuelekea mwembe, kamera nimeiweka mapajani ikimwelekea yeye, na kichungulio nimekizungusha. Nikajifanya nasafisha kamera. Nikamtazama muda mrefu, jambo ambalo katika miaka yetu 48 ya ndoa sidhani kama nimelifanya mara nyingi. Nikapiga.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopata kupiga. Mwanga wa asubuhi ulimwangukia begani. Uso wake ulikuwa umetulia, hauna lile tabasamu analolivaa akiona kamera. Nilipoikuza kwenye kompyuta ya mjukuu, hata hivyo, niliona kitu ambacho macho yangu hayakuwa yamekiona uani. Kichwa chake kilikuwa kimegeuka upande, shavu la kulia limerudi nyuma, jicho la kushoto limesogezwa karibu sana na ungo. Jicho la kulia lilikuwa kama halimo katika kazi ile. Na vidole vyake havikuwa vinaokota chuya kama mtu anayeziona, vilikuwa vinapapasa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kumwonyesha kulimaanisha kukiri kwamba nilimvizia. Kutomwonyesha kulimaanisha kurudi kwenye pikipiki ya 1984, kuondoka na nilichokiona na kuandika tathmini yangu peke yangu. Asubuhi nikamwita, nikamwonyesha.

Aliinama karibu sana na kioo cha kompyuta, akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe umeona."

Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu tangu mwaka uliotangulia, na sasa la kushoto nalo lilikuwa linafuata. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alijua nilikuwa naweka akiba ya safari ya Dar. "Nilikuona una hamu na kale kadude kako," akasema. Halafu akanitazama kwa lile jicho lenye nafuu. "Lakini mwalimu, ulikuwa umekaa hatua tano kutoka kwangu. Ungeniuliza, ningekuambia."

Ndugu msomaji, utaona kwamba sentensi hiyo nilikwisha kuambiwa mara moja. Watu wawili tofauti, katika miaka tofauti, walinipa jibu lilelile, nami sikuwa nimeulipia lile la kwanza.

Ilikuwa mtoto wa jicho. Daktari alieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia utusitusi, na kwamba huondolewa ikawekwa nyingine ya plastiki. Tuliuza mbuzi wawili, watoto wakachanga, akafanyiwa upasuaji jicho moja na baadaye la pili. Hivyo mwaka ule nyumba yetu ilinunua lenzi mara mbili, na sina haja ya kusema ni ipi ilikuwa na haki ya kununuliwa kwanza. Siku hizi chuya inaonekana, na ndevu nisizonyoa zinaonekana pia.

Mjukuu wangu, ambaye anapenda ubishi kama babu yake, alinikabili. "Babu, usingejificha usingejua. Kwa hiyo kujificha kulikuwa kuzuri." Nilimjibu kwamba hoja yake ina nguvu na siwezi kuikana yote. Ni kweli kwamba mke wangu angeiona kamera angetabasamu, angenyoosha kichwa, na tabasamu lile lingeficha ukungu. Lakini nilimwomba afikirie njia nyingine ambayo picha ile ingeweza kwenda. Ningeweza kuikuza, kuiwekea fremu na kuipa jina, Bibi na Ungo. Wageni wangeisifia. Na ndani ya fremu ile nzuri bibi yake angekuwa anaendelea kupofuka. Picha haikutibu jicho. Kilichotibu ni kuirudisha kwa mwenyewe, na kustahimili aliyoyasema.

Basi hapa ndipo nilipofikia, na mwenye zaidi aniongezee. Tunayoyaona kwa kujificha tumeyachukua kwa mkopo. Hatuwezi kuepuka kukopa kabisa, maana macho hayana pazia, na yapo mambo ambayo mtu hataki au hawezi kuyasema mpaka yaonwe. Ila mkopo hulipwa, na hulipwa kwa aliyekopwa, si kwa mtu mwingine. Evans alingoja robo karne kabla ya kutoa kitabu chake, na katika kungoja kule naona dalili ya mtu aliyehisi deni. Lakini kungoja siyo kulipa. Kwa mwanamke wa Strand mambo ni magumu zaidi, kwani hata picha ile ingepelekwa mpaka mikononi mwake, asingeiona. Palihitajika mtu wa kuketi karibu naye na kumsimulia. Pale ambapo deni haliwezi kulipwa, nadhani heri tusikope.

Kichungulio sikukirudisha. Kwa maua kinanifaa sana. Nakifunga, naweka kamera juu ya jiwe lenye unyevu, nakaa kwenye kigoda cha kukunja, na ua la Usambara linapanda kupitia kile kioo kilichopinda mpaka kwenye jicho langu, kubwa na wazi, na vumbi lake la manjano katikati. Hakuna anayeniinua kwa makwapa. Ninapotaka kumpiga mtu, nakivua, nakitia mfukoni, nasimama mbele yake na kumwomba. Akijiweka sawa, najiambia kwamba hiyo nayo ni haki yake, na kwamba nikitaka kujua kilicho nyuma ya tabasamu lake, njia ni kuketi naye baada ya picha kupigwa. Methali ya wahenga bado inasimama. Chombo kimenisaidia kuinamisha kamera tu.

Ninapojiandaa kupanda Amani, mke wangu huja mpaka mlangoni na kunitazama nikifunga mkoba. Anauona mkoba vizuri sasa, hata zipu yake. Na kila mara huniuliza swali lilelile, nusu mzaha na nusu ukaguzi: "Leo, mwalimu, unakwenda kwa maua au kwa watu?"